Uvimbe shingoni (rovu, goita): mwongozo kamili, kuanzia kioo cha nyumbani mpaka jeni zinazoikuza tezi

Huku nyanda za juu kusini, kuanzia Makete, Wanging'ombe, Njombe, Mufindi mpaka Rungwe na Mbeya vijijini, ni nani hajawahi kumuona bibi au mama mwenye rovu? Limezoeleka mno, watu wanaliona ni mambo ya uzee tu, mtu anafunga kitambaa shingoni maisha yanaendelea, na hapo ndipo wengi wanapochelewa. Mimi nipo maabara, karatasi za majibu ya tezi zinapita mikononi kwangu, na swali ninaloulizwa sana ni "sasa hii inatibiwaje?" Ndugu zangu, kabla ya swali hilo kuna lingine: ni nini kinachoiamuru tezi ikue? Maana shingo mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, kumbe mmoja ana upungufu wa madini joto (iodini), mwingine kinga yake inaichochea tezi, mwingine ana jeni iliyoharibika ndani ya seli, na dawa inayomfaa huyu inaweza kumuumiza yule. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Hatua ya 1: Iangalie shingo vizuri

Tezi yenyewe inakaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo, kwa mtu mzima ina uzito wa kama gramu 15 mpaka 25, yaani ikiwa na afya huwezi kuiona. Simama mbele ya kioo sehemu yenye mwanga, shika glasi ya maji, inua kidevu kidogo, weka fundo la maji mdomoni, alafu meza huku macho yako yapo chini ya kikoromeo. Tezi imejishikiza kwenye bomba la hewa, kwahiyo ukimeza inapanda juu nalo alafu inashuka. Uvimbe ukipanda na kushuka hivyo, karibu hakika ni wa tezi. Usipopanda, na upo pembeni au chini ya taya, huenda ni mtoki, na huo nao uende ukapimwe maana TB ni moja ya sababu zake.

Kwa mtoto kuna kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani wanakitumia mashuleni na hakihitaji hata senti. Papasa kila upande wa tezi kwa vidole, linganisha na kipande cha juu cha kidole gumba cha mtoto mwenyewe (sio cha kwako). Upande wa tezi ukiwa mkubwa kuliko hicho kipande, hiyo ni goita hata kama ukimwangalia akiwa amekaa tu huoni kitu.

Sasa dalili ambazo hazisubiri: uvimbe unaokua haraka ndani ya wiki chache, uvimbe mgumu kama jiwe, sauti imeanza kukwaruza na haiachi, chakula kinakwama, pumzi inabana hasa ukilala chali, au uvimbe kwa mtoto. Kingine, kaa na mtu karibu yako, nyoosha mikono yote miwili juu iguse masikio, tulia hivyo kwa dakika moja. Uso ukiiva, mishipa ya shingo ikijaa au pumzi ikikata, shusha mikono, goita inaweza kuwa imeshukia ndani ya kifua. Mwenye lolote kati ya hayo asianzie kwenye mitishamba wala chale, aende hospitali wiki hiyohiyo. Anayeshindwa kupumua aende saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Andika mwili unavyokwenda

Chukua daftari. Asubuhi kabla hujatoka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, andika. Pima uzito kila wiki. Alafu andika dalili kwa pande mbili.

Upande wa homoni kuzidi: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho hata kwenye baridi ya Makete, unakula vizuri ila unakonda, usingizi hamna, choo mara kwa mara, macho yanatokeza. Upande wa homoni kupungua: uchovu usioisha, baridi inakuuma kuliko wenzako, uzito unaongezeka, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito au iliyovurugika, mawazo mazito. Na wapo wengi ambao hawana upande wowote, wana uvimbe tu, homoni ziko sawa. Daktari akipewa ukurasa wa namna hiyo anajua pa kuanzia.

Hatua ya 3: Elewa ni nini kinaikuza tezi

Hapa naomba tutulie kidogo, ndio kiini cha jambo zima.

Kila seli ya tezi ina jeni, maelekezo yaliyoandikwa kwenye DNA. Sio maelekezo yote yanasomwa muda wote. Jeni ikisomwa, seli inatengeneza nakala yake inayoitwa RNA, na kutokana na nakala hiyo inatengeneza protini. Jeni ikisomwa sana protini inakuwa nyingi, ikisomwa kidogo inakuwa chache. Baadhi ya protini hizo kazi yake ni kuziambia seli ziongezeke, ndio zinaitwa vichocheo vya ukuaji. Cha kwanza kabisa kugunduliwa kilikuwa cha neva, kikafuatiwa na cha ngozi kinachofupishwa EGF, na kazi hiyo iliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kwenye tezi ya shingo wahusika wakubwa ni hawa. Kuna TSH, homoni kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hii ndio bosi, inaamuru tezi itengeneze homoni na pia ikue. Lakini TSH peke yake haina nguvu sana ya kuzifanya seli za binadamu zigawanyike, inahitaji mwenzake IGF-1, kichocheo kinachofanana na insulini. Ushahidi upo kwa watu wenye ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi, wale ambao mikono na taya zinakuwa kubwa: IGF-1 yao ipo juu sana, na goita kwao ni kitu cha kawaida. Alafu kuna hiyo EGF, inazisukuma seli ziongezeke lakini wakati huohuo inazipunguzia uwezo wa kuvuta madini joto, ndio maana unaweza kukuta tezi kubwa yenye kazi ndogo. Kuna FGF, nacho ni kichocheo kingine cha ukuaji. Kuna VEGF inayoita mishipa mipya ya damu, kwa sababu nyama mpya bila damu haiwezi kuishi. Na kuna breki, inaitwa TGF-beta, hii inazuia seli zisigawanyike.

Sasa mtu wa huku milimani. Mvua za miaka na miaka zimeosha udongo, bahari ipo mbali, mahindi, viazi na maharage yetu yanakuwa na madini joto kidogo. Madini joto yakiwa ya kutosha ndani ya tezi yanaiongezea ile breki ya TGF-beta. Yakipungua, breki inalegea, na hapohapo seli zinakuwa nyepesi kuitikia TSH na IGF-1. Kwahiyo tezi inasukumwa huku breki haishiki, ndio rovu lenyewe, na ndio maana mtu anaweza kuwa na goita kubwa wakati TSH kwenye karatasi inasoma kawaida.

Miaka ikienda seli hazikui sawa. Kikundi kimoja kinakimbia kuliko vingine, vinatokea vinundu. Ndani ya baadhi ya vinundu kipokezi cha TSH (sehemu ya seli inayopokea amri ya TSH) kimebadilika kwa kosa la jeni, kipo wazi muda wote hata bosi akinyamaza, kwahiyo kinundu kinatoa homoni kwa amri yake chenyewe. Hilo liligunduliwa mwaka 1993.

Ugonjwa wa Graves ni habari nyingine kabisa: kinga ya mwili inatengeneza chembe zinazokaa kwenye kipokezi cha TSH na kukibonyeza bila kuachia. VEGF inapanda, mishipa inajaa, daktari akiweka kipimo chake cha masikio juu ya tezi anasikia damu inavuma. Hashimoto nayo ni kinga, ila yenyewe inaibomoa tezi, homoni zinashuka, TSH inapanda.

Na saratani: hapo jeni za ukuaji zimeharibika zenyewe. BRAF kwa ile aina ya papilari ambayo ndio inaongoza, RAS kwa aina ya folikula na nyingine, RET kwa aina ya medula. Seli inajiamuru yenyewe, na mara nyingi VEGF, EGF au vipokezi vyake vinasomwa kwa wingi kuzidi nyama ya kawaida iliyo pembeni.

Hatua ya 4: Damu, anza na TSH

Usitoke nyumbani na orodha ya vipimo kumi. Anza zahanati au kituo cha afya, upate rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama una bima, karatasi ya rufaa usiiache. Kipimo cha kwanza ni TSH, maabara nyingi kiwango chake ni kama 0.4 mpaka 4.0, ila soma kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe maana mashine hazifanani.

TSH ipo chini na T4 au T3 (homoni zenyewe za tezi) ipo juu, homoni zimezidi. TSH ipo juu na T4 ipo chini, zimepungua. TSH ipo juu, T4 ya kawaida, ni upungufu unaoanza, mara nyingi kinarudiwa baada ya muda kabla ya kuamua dawa. TSH ya kawaida na uvimbe upo, nenda hatua ya 5, na tafadhali usikubali kuambiwa "huna kitu" kwa sababu tu TSH ni nzuri. TSH inasema kazi ya tezi, haisemi kama uvimbe ni saratani au la, na saratani nyingi za tezi zinakuja na TSH ya kawaida kabisa.

Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, acha angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, vinavuruga mashine na majibu yanaweza kuonyesha homoni zimezidi wakati hazijazidi. Mwambie mtoa huduma pia kama una mimba au unameza dawa yoyote.

Hatua ya 5: Altrasaundi na sindano

Altrasaundi haiumi, inaonyesha vinundu vingapi, vikubwa kiasi gani, vina maji au nyama, kingo zake zikoje. Kinundu cha maji matupu kwa kawaida hakina shida. Kinundu cha nyama chenye weusi mzito kwenye picha, kingo zenye meno, na vidoti vidogo vyeupe vya chokaa ndani, hicho kinachomwa sindano.

Watu wanaiogopa hiyo sindano bure. Unalala chali, mto unawekwa chini ya mabega ili shingo inyooke, ngozi inasafishwa, unaambiwa usimeze wala usiongee. Sindano ni nyembamba, nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi, inaingia inachezeshwa mbele na nyuma sekunde chache, inatoka. Kinachopatikana ni tone dogo la rangi ya damu linapakwa kwenye kioo, linakwenda kwa mtaalamu wa patholojia. Kuna imani kwamba kuchoma sindano kunaisambaza saratani, na imani hiyo imewafanya akina mama wengi kukaa na uvimbe mpaka unaziba koo. Sindano hii ndio kipimo kinachoaminika duniani kote kwa vinundu vya tezi, na vinundu vingi vinavyochomwa vinaonekana sio saratani.

Hatua ya 6: Vipimo vya jeni, lini vina maana

Nimeshaulizwa kama kuna kipimo cha damu cha IGF-1 au VEGF cha kujua rovu ni la aina gani. Kwa matibabu ya kawaida hapana, vichocheo hivyo vinatoka sehemu nyingi za mwili, kiwango cha kwenye damu hakikuambii kinachotokea ndani ya tezi. Usitoe hela yako hapo.

Tofautisha vitu viwili. Kosa la jeni ni maandishi yamebadilika, mfano BRAF, na linapimwa kwenye seli za kinundu au nyama iliyokatwa pale majibu ya sindano yanapokuwa ya katikati, hayasemi wazi kama ni saratani au sio. Usomwaji wa jeni ni maandishi yapo sawa ila yanasomwa kupita kiasi, na huo kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya utafiti. Pale kipimo cha jeni cha damu kinapookoa ukoo mzima ni RET: mtu akikutwa na saratani ya aina ya medula, RET yake inapimwa, ikiwa ni ya kurithi basi watoto na ndugu zake wanapimwa pia, wenye kosa hilo wanaweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza.

Wadogo zangu mnaosoma sayansi za afya hapa Mbeya na mnataka kufanya utafiti wa usomwaji wa jeni kwenye goita, sikilizeni. Kwanza kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi. Pili RNA inaharibika upesi, kwahiyo kipande cha nyama kiingie kwenye kimiminika cha kuhifadhia au baridi kali ndani ya dakika chache toka kitoke shingoni, mtu asimame na kichupa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, usisubiri mpaka upasuaji uishe. Ukitumbukiza yote kwenye fomalini patholojia watafurahi ila RNA yako itakuwa vipandevipande. Kata vipande viwili, kinundu na nyama ya kawaida ya mgonjwa huyohuyo, hiyo ndio linganisho lako bora. Kwenye PCR ya kuhesabu (kipimo kinachozidisha nakala za jeni mzunguko kwa mzunguko), linganisha VEGF au IGF-1 na jeni za kawaida zaidi ya moja zisizobadilika, usitegemee moja. Kumbuka kila mzunguko unazidisha mara mbili, kwahiyo VEGF ya kinundu ikionekana mizunguko 3 kabla ya ile ya nyama ya kawaida, baada ya kusawazisha, maana yake ni mara 8. Na kinundu kimejaa pia seli za mishipa na za kinga, kwahiyo usiseme "seli za tezi zinatoa" mpaka umeangalia protini yenyewe kwenye kipande kilichopakwa rangi.

Hatua ya 7: Tiba kulingana na kinachoikuza

Goita ndogo laini, homoni sawa, hakuna kinundu cha mashaka: chumvi yenye madini joto na kuangaliwa kila baada ya muda, basi. Goita inayobana koo au kushuka kifuani: upasuaji. Muulize daktari mapema atabakisha kiasi gani cha tezi, maana ikitolewa yote utameza homoni maisha yako yote. Baada ya upasuaji, ganzi kuzunguka mdomo na vidole kukakamaa ni dalili ya kalsiamu kushuka, rudi wodini hata usiku. Sauti inaweza kubadilika pia kwa sababu mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi palepale.

Homoni zilizopungua zinatibiwa na levothairoksini. Meza asubuhi tumbo tupu na maji, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndio unywe chai. Vidonge vya damu na vya kalsiamu viwe mbali kwa masaa 4, na hili nawasisitizia wajawazito maana wengi wanameza vyote kwa pamoja alafu TSH inagoma kushuka. Kwa asiye na mimba kipimo kinarudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo ni mapema; mjamzito anarudia mapema zaidi, kama kila wiki 4.

Homoni zilizozidi: kabimazoli, na mara nyingi propranololi ya kutuliza moyo, ila mwenye pumu aseme kwanza. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa au koo kuuma, simamisha dawa na uende siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu. Sio kawaida, lakini ikitokea inaua, na mtu anaweza kudhani ni mafua tu ya baridi ya huku. Mwenye mimba changa au anayepanga mimba amwambie daktari, kuna dawa mbadala kwa miezi mitatu ya kwanza. Ipo pia iodini ya mionzi, mgonjwa anapewa rufaa, na baada yake mwanamke asishike mimba kwa angalau miezi 6.

Elimu ya vichocheo imeshazaa dawa. Sorafenibu mwaka 2013 na lenvatinibu mwaka 2015 ziliruhusiwa Marekani kwa saratani ya tezi isiyosikia mionzi, zote zinaziba vipokezi vya VEGF ili uvimbe ukose damu. Mwaka 2020 ikaja teprotumumabu kwa macho yaliyotokeza ya Graves, hiyo inaziba kipokezi cha IGF-1. Ni dawa za bei kali na za wagonjwa wachache.

Hatua ya 8: Chumvi ya nyumbani kwako

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo, gramu 5 zake, yaani kijiko kimoja cha chai, zinakupa hizo 150. Kwahiyo usiongeze chumvi, presha itakuja, badilisha chumvi. Nunua iliyofungwa na kuandikwa kwamba ina madini joto, sio ile ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni bila jina. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, na itie chakula kikikaribia kuiva. Bwana afya akiwa na kile kimiminika cha majaribio, mwombe adondoshee chumvi yako, ikigeuka bluu au zambarau madini yapo.

Samaki wa baharini wana madini haya kwa wingi, dagaa wa Ziwa Nyasa ni wa maji baridi, wana kidogo, usiwahesabie hapo. Kabichi na mihogo vina vitu vinavyozuia tezi kuvuta madini joto, ila kama chumvi yako ni nzuri, kabichi imepikwa na muhogo umelowekwa vizuri, kula tu.

Tahadhari moja kwa wazee wenye rovu la vinundu la miaka mingi: usiwanunulie matone au vidonge vya iodini kwa nguvu zako. Vile vinundu vinavyojiamuru vyenyewe vikipata malighafi ghafla vinatoa homoni bila kipimo na moyo unachanganyikiwa. Zimbabwe walishuhudia ongezeko la wagonjwa wa homoni kuzidi miaka ya 1990 baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Chumvi ya kawaida ya pakiti waendelee nayo, ila bibi akianza kukonda na moyo kwenda mbio, mpeleke akapimwe TSH.

Na mama mwenye Graves, hata kama alishafanyiwa upasuaji zamani na sasa yuko vizuri, amwambie mkunga kliniki siku ya kwanza. Zile chembe za kinga zinavuka kondo la nyuma na kuibonyeza tezi ya mtoto tumboni, kwahiyo apimwe chembe hizo wakati wa ujauzito, na mtoto akizaliwa aangaliwe mapigo ya moyo, uzito na homoni zake siku za mwanzo.